Bolti imekatikia kwenye chasisi: soma kisiki kabla ya kushika drili

Wenye magari wengi hapa Dodoma wanaamini gari la huku halili kutu. Hewa ni kavu, mvua huanza Desemba na kuisha Aprili, miezi inayobaki ni jua na vumbi. Halafu siku moja gari linapandishwa ili libadilishwe bushi (kiungo cha raba chini ya gari), soketi inawekwa, mkono unavutwa, na bolti inalia "tak!" Kichwa kimebaki ndani ya soketi, mwili umebaki kwenye chasisi. Hicho kilichobaki ndicho kisiki.

Mara nyingi kutu hiyo haikuanzia hapa. Magari yetu mengi ni yaliyotumika Japani, na baadhi yalitembea Hokkaido, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Mengine yalikaa miaka Dar es Salaam au Tanga yakipigwa upepo wa bahari. Chumvi ikishaingia ndani ya boksi la chasisi haitoki kwa kuoshwa nje. Na huku kwetu tunaiongezea kazi: tope jeusi la mbuga za Bahi hujibanza juu ya krosi memba (chuma cha kukingama chini ya gari) na kushika unyevu wiki nyingi baada ya mvua kukatika, na vumbi jekundu likikutana na oili inayovuja hukauka juu ya uzi wa bolti kama saruji.

Ikikatika, weka spana chini. Hasara kubwa ninazoziona zinatokana na dakika kumi zinazofuata, fundi akiwa na hasira na mteja amesimama pembeni anauliza kama kazi itaisha leo. Chukua tochi, futa kisiki kwa brashi ya waya na kitambaa chenye petroli kidogo, ukiangalie. Kisiki kitakueleza kwa nini kimekatika, na sababu ndiyo inayochagua njia ya kukitoa.

Uso wa kisiki

Ukiona sehemu kubwa ya uso ni laini, imekwisha kuwa ya kahawia, ina mistari ya kupinda kama alama za maji yanayopungua ufukweni, na pembeni kuna kipande kidogo cheupe chenye chembechembe, hiyo bolti ilichoka. Ufa ulianza zamani, ukatambaa kila gari lilipopita kwenye mashimo, na leo kimekatika kile kipande cha mwisho tu. Sababu yake ya kawaida ni kulegea: bolti isiyokazwa vya kutosha hubeba mtikisiko wote yenyewe badala ya kuvibana vyuma viwili vikabebeana. Kisiki cha namna hii mara nyingi hakijaganda kabisa.

Niliwahi kupokea Hilux ya mzee mmoja anayebeba zabibu kutoka Hombolo. Bolti ya gia boksi ya steringi ilikuwa imekatikia ndani ya chasisi, na kijana wangu alikwisha chomeka drili kwenye umeme. Nikamwambia asubiri. Zaidi ya nusu ya uso ilikuwa na kutu ya siku nyingi. "Mzee, shikamoo tena. Hii bolti haikukatika leo. Usukani ulianza kuchezacheza lini?" Akafikiri. "Marahaba. Tangu masika, mwanangu. Nikadhani ni tairi." Nilichukua tindo jembamba, nikaliegemeza ukingoni mwa kisiki kwa mshazari, nikagonga taratibu kuelekea upande wa kufungua. Pigo la tatu kikasogea. Robo ya mzunguko baadaye nilikuwa nakizungusha kwa ncha ya bisibisi, na kikatoka na uzi wake mzima. Drili ingeharibu tundu ambalo halikuwa na kosa lolote.

Uso ukiwa umesokotwa kama kamba, chuma kimevutika kabla ya kukatika, basi nguvu ilizidi. Ama ilikazwa kupita kiasi zamani, ama ni wewe sasa hivi na bomba la mita moja mkononi. Hapa jiulize ilikatika wakati wa kukaza au wa kufungua. Ikikatika wakati wa kukaza, uzi bado ni mzima na kisiki hutoka kwa urahisi. Ikikatika wakati wa kufungua, kilichoshinda chuma kizima cha bolti ni kutu ya kwenye uzi, na kutu hiyo bado ipo palepale. Jiandae kwa moto.

Aina ya tatu ni bolti iliyoliwa. Mwili wake umekonda katikati kama muwa uliotafunwa, magamba yanadondoka. Hapo usitegemee kukamata chochote kwa plaisi.

Kisiki kimechomoza

Kama kimebaki sentimita moja au zaidi nje, una bahati, na bahati hiyo usiiharibu. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudie usiku, uache kilale. Mchanganyiko wa asetoni na oili nyekundu ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, unafanya kazi vizuri na gharama yake ni ndogo. Tikisa chupa kila mara kwa sababu vinajitenga, na usiuweke karibu na cheche. Asubuhi gonga kisiki kwa kichwa mara kadhaa kwa nyundo ya wastani. Pigo linapasua kutu ndani ya uzi na kuyapa mafuta njia.

Kisha kaza nati mbili juu ya kisiki, zibanane, na ufungue kwa kushika ile ya ndani. Uzi ukiwa umeliwa, tumia vaisi gripi. Usianze kwa kufungua moja kwa moja. Kaza kidogo kwanza, unywele tu, halafu legeza, halafu kaza. Kisiki kikianza kulia kama mlango mkavu, ongeza mafuta na uendelee kwenda na kurudi. Anayelazimisha upande mmoja tu hukikata tena, na safari hii kinakatikia ndani.

Kimekatika usawa wa chuma, au kimezama kidogo

Hii ndiyo hali ninayokutana nayo zaidi, na jibu langu ni nati ya kuchomelea. Watu wengi hukimbilia ekstrakta, kijiti kigumu kinachozamishwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya kisiki ili kukizungusha kitoke. Mimi ekstrakta ninaiweka mwisho, na nitaeleza kwa nini.

Maandalizi kwanza. Ondoa waya hasi wa betri, ama sivyo unaweza kuua kompyuta ya gari. Angalia kilicho jirani: bomba la breki, bomba la mafuta, waya za ABS, raba. Bolti za nyuma mara nyingi ziko karibu na tangi la petroli. Likiwa jirani, litoe, hakuna mjadala. Kwangua rangi na lami ya chini ya gari kuzunguka tundu, kwa sababu inawaka. Weka ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto ambapo mkono unafika. Na kama ulipuliza dawa ya kusafishia breki, soma kopo: zile zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya sumu inayoua mapafu. Futa, acha pakauke kabisa, fungua milango ya gereji. Gari lisimame juu ya stendi za chuma. Tofali na mawe hupasuka bila kutoa taarifa.

Sasa kazi. Kwa kisiki cha milimita 10 chukua nati ya 12, ili tundu lake likupe nafasi ya kufika chini. Isiwe ile nyeupe iliyopakwa zinki. Kama ndiyo uliyonayo, ing'arishe kwa grenda, maana moshi wa zinki unaleta homa na mchomo wake hauna nguvu. Kama kisiki kimezama, weka kwanza washa, uichomelee na kisiki, halafu nati juu yake. Kwa elektrodi ya milimita 2.5, ampea 80 hadi 100 zinatosha. Anzia katikati ya kisiki, jaza ukipanda kwa mviringo hadi ukutane na ukuta wa ndani wa nati. Usiguse ukingo wa tundu la chasisi. Ukiugusa, umekichomelea kisiki kwenye gari.

Halafu subiri. Wekundu uishe, ubaki ule weusi unaounguza. Joto lilikuwa nusu ya kazi: kisiki kilipopanuka ndani ya tundu kiliisaga kutu, na kikipoa kinasinyaa na kuachana nayo. Kikiwa bado cha moto kiasi cha kuyeyusha nta, gusa ukingo wake kwa mshumaa wa kawaida. Utaona nta inageuka maji na kufyonzwa ndani ya uzi, haidondoki, inaingia. Mafuta mengi kwenye joto lile huungua na kuwa masizi kabla hayajafika popote, nta inapita. Weka spana ya ringi, kaza unywele, legeza unywele.

Nati ikivunjika mchomo, usikate tamaa. Chomelea nyingine. Kuna visiki vilinitoa jasho kwa nati nne, na ya tano ikatoka navyo, kwa sababu kila mchomo uliongeza joto jingine. Kama baada ya nati sita hakijasogea hata kidogo, hapo ndipo ninapotafuta drili.

Ukitumia mtungi wa gesi badala ya kuchomelea, elekeza moto kwenye chuma kinachozunguka kisiki. Chuma hupanuka kama milimita 0.04 kwa tundu la milimita 12 likiongezewa joto la nyuzi 300. Ni kidogo kwa macho, kwa kutu ni kikubwa. Lakini mguu wa chasisi wa gari la kisasa usiufikishe kwenye wekundu. Chuma chake kimetengenezwa kuwa kigumu kwa namna maalum, na wekundu unakifanya laini mahali ambapo gari linategemea ugumu.

Kimezama ndani, lazima kitobolewe

Mafanikio yote yako kwenye tundu la kwanza. Sawazisha uso wa kisiki, kwa sababu uso wa mshazari hulisukuma biti pembeni. Piga alama ya katikati kwa senta panchi, iangalie kutoka pande mbili, na kama imekaa vibaya isogeze kwa kuigonga kwa pembe. Tumia muda hapa kuliko utakavyotumia kutoboa.

Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, oili kidogo kidogo. Kichwa cha bolti za chasisi mara nyingi kina namba ya daraja, yaani ugumu wake. 8.8 ni ngumu, 10.9 ni ngumu zaidi. Kwenye Toyota utakuta tarakimu moja kama 7, 9 au 11. Kwa hizi ngumu biti za bei rahisi huungua ncha na kuanza kulia bila kukata. Zikilia, acha. Msuguano bila kukata huifanya sehemu ile kuwa ngumu zaidi, na biti inayofuata itateseka. Nunua biti za kobalti. Ukipata biti za kuzunguka kushoto, ambazo mara nyingi inabidi kuagiza Kariakoo, kisiki huweza kutoka chenyewe wakati unatoboa, kwa sababu biti inaposhika inakisukuma upande wa kufungua.

Ekstrakta inahitaji tundu lisilozidi nusu ya unene wa kisiki, au zaidi kidogo ya hapo. Ile ya msokoto yenye umbo la karoti hujitanua inapokazwa, na kisiki chenye ukuta mwembamba hujitanua nayo na kubana zaidi. Ile yenye kingo zilizonyooka ni bora. Izungushe kwa mkono kwa kishikio cha tapu (chombo cha kuchongea uzi ndani ya tundu), pande zote mbili sawa, ukisikiliza. Kama kisiki kilishinda nguvu ya bolti nzima, kijiti cha milimita 5 hakitakuwa na miujiza. Tumia baada ya joto, siyo badala yake.

Kikikataa, panua tundu hatua kwa hatua hadi ubakize uzi tu kama gamba, uutoe kwa ncha kali. Kwa uzi wa 10 kwa 1.25 (unene milimita 10, nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino la uzi) simama kwenye milimita 8.75. Kwa 12 kwa 1.25, simama kwenye 10.8.

Ekstrakta imekatikia ndani

Haya ndiyo ninayoletewa baada ya gari kupitia mikono miwili. Ekstrakta ni chuma kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, na biti ya kawaida haitaing'ata. Vaa miwani. Jaribu kwanza kuipasua kwa panchi nyembamba na nyundo. Ugumu wake ndio udhaifu wake, mara nyingi inavunjika vipande na unavichokoa kwa sumaku. Ikishindikana, biti ya kabaidi, mwendo wa haraka, mkono usiotikisika, au uende kwa fundi wa mashine ya kuchonga kama sehemu yenyewe inafunguka. Njia ya tatu ni kurudi kwenye nati ya kuchomelea, juu ya ekstrakta na kisiki kwa pamoja. Imewahi kuniokoa.

Bolti inazunguka lakini haitoki

Huko ndani ya boksi la chasisi kuna nati iliyochomelewa kiwandani, au iliyokaa kwenye kijumba cha bati. Kutu imelikata bati, na sasa nati inazunguka pamoja na bolti. Bolti za kushikilia bodi kwenye Prado na Hilux za zamani zina tabia hii. Kuongeza nguvu hakusaidii kitu, unaikwangua tu chasisi kwa ndani.

Tafuta tundu la kiwandani lililo karibu, uingize spana nyembamba au kipande cha flati kilichochongwa ili kuikaba nati. Kama hakuna, usikate dirisha mahali popote. Kata upande, katikati ya kimo cha reli ya chasisi. Kamwe usikate ukingo wa juu au wa chini, kwa sababu kingo hizo ndizo zinazobeba mzigo. Fanya dirisha la mviringo, maana kona kali huzaa ufa. Ukimaliza, rudisha kipande, kichomelewe vizuri, kipakwe rangi na nta kwa ndani.

Bolti imeshikana na bomba la bushi

Nati imetoka, bolti inazunguka, lakini mkono wa chini wa tairi unazunguka nayo au raba inajipinda na kurudi. Kutu imeiunganisha bolti na bomba la chuma la katikati ya bushi. Hapa moto unachoma raba na kukujazia moshi mweusi, na nyundo inaharibu uzi tu. Kama bushi inabadilishwa hata hivyo, kata bolti pande zote mbili kati ya bushi na bano la chasisi, kwa msumeno au diski nyembamba ya milimita 1. Angalia kwanza kama ni bolti ya kurekebishia magurudumu, yenye washa ya umbo la yai. Piga alama ya mkao wake kabla ya kuikata.

Uzi wa tundu umeliwa

Pitisha tapu ya kipimo hichohicho, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Na hapa kuna mtego unaowaangusha wengi. Bolti ya 10 au ya 12 ya duka la vifaa vya ujenzi ina uzi mpana: 1.5 kwa ya 10, na 1.75 kwa ya 12. Chasisi ya Toyota kwa kawaida ina 1.25 kwa zote mbili. Zinaingia mizunguko miwili, zinagoma, na fundi anaongeza bomba. Bolti yako iingie kwa vidole hadi mwisho kabla hujashika spana. Uzi ukiwa umekwisha kabisa, weka uzi wa koili, yaani koili ya waya inayokaa ndani ya tundu kama uzi mpya. Kwa steringi na mikono ya tairi sikubali kuchomelea tundu na kutoboa upya kwa macho.

Kurudisha

Bolti mpya iwe ya daraja lile lile au la juu, na wenzake waliokaa jirani nao wabadilishwe, maana walibeba mzigo wa aliyekatika. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye uzi, ukijua kwamba grisi inapunguza msuguano: spana ileile sasa inaivuta bolti zaidi, hivyo punguza kama robo ya kipimo cha uzi mkavu. Fuata kitabu cha gari. Kama hakipo, 8.8 kavu ya milimita 10 inataka karibu Nm 45 hadi 50 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na ya milimita 12 karibu 80 hadi 85. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa tairi zake. Ukizikaza likiwa hewani, raba inabaki imejipinda na itachanika mapema.

Mwisho ninachora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaopita kwenye kichwa cha bolti na kuendelea juu ya chasisi. Ile Hilux ya Hombolo nilibadilisha bolti zote za gia boksi, nikachora mistari, nikamwomba mzee arudi baada ya kilomita 500. Alirudi na kreti ya zabibu. Nililala chini ya gari kabla ya kumsalimia vizuri; mistari yote ilikuwa bado imenyooka.